Deki ya kasi ya Magic kwa euro 30: chukua nyekundu, hesabu mpaka 20

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kwa euro 30 mtu anaweza kuunda deki ya Magic: The Gathering (ule mchezo wa kadi) ya fujo, ya kumaliza mchezo mapema, aende nayo kwenye mashindano ya Pauper ya Ijumaa hapo dukani kwenu, na mdau wa hapo juu kakushauri uweke na madragoni mawili ya mana sita (mana ndo nguvu ya kulipia kadi, inatoka kwenye kadi za ardhi) eti usiishiwe nguvu mwishoni. Mi nacheza nyekundu ya kuchoma, yani kadi za rangi nyekundu za kumpiga mpinzani moja kwa moja, muda mrefu sasa, huku huku Ujerumani, na nakwambia inawezekana kabisa, ila hayo madragoni yaache kwenye boksi.

Sababu ni hesabu tu. Pauper ni kadi za komoni peke yake, zile zinazojaa kwenye kila pakiti, na bahati nzuri nyekundu imepewa komoni za hatari tangu mwanzo, Lightning Bolt ipo toka 1993, mana moja unampiga mtu 3. Sasa mpinzani anaanza na laifu 20. Kadi saba za kupiga 3 ni 21, kwisha. Ukianza wewe, kufika zamu yako ya nne umeshaona kadi 10, saba za mwanzo na tatu za kuvuta maana anayeanza havuti zamu ya kwanza, na kama tatu kati ya hizo ni Mountain, ardhi inayotoa mana nyekundu, basi zimebaki saba za kupiga. Kwa iyo kila kadi unayotaka kuiweka iulize swali moja, we unampunguzia jamaa laifu ngapi na kwa mana ngapi? Dragoni la mana sita linakaa mkononi kama mgeni asiyeaga, deki ina Mountain 18 tu, hiyo mana sita utaipata lini wakati zamu ya nne au ya tano mechi ishaamuliwa.

Na wala sio wazo la jana. 1996 kule Atlanta jamaa anaitwa Paul Sligh alienda kwenye mashindano ya kufuzu na deki nyekundu aliyoibuni Jay Schneider, ina vitu kama Ironclaw Orcs ambavyo hakuna mtu alikuwa anavihesabu, akamaliza wa pili. Siri ilikuwa kutumia mana yote kila zamu, zamu ya kwanza kitu cha moja, ya pili kitu cha mbili, hakuna kulaza mana. Mpaka leo wakongwe wakisema Sligh wanamaanisha deki za namna hiyo.

Haya, mzigo wenyewe, nne nne kila moja maana nne ndo mwisho unaoruhusiwa: Lightning Bolt, Chain Lightning, Lava Spike, Rift Bolt, Skewer the Critics, Fireblast. Hapo una 24. Ongeza Thermo-Alchemist nne, Kessig Flamebreather nne, Keldon Marauders nne, Searing Blaze nne, afu Needle Drop mbili na Mountain 18, jumla 60. Mountain usinunue, dukani huwa kuna boksi la ardhi za kugawa au muulize yeyote anayecheza, kila mtu anazo za kumwaga. Zikikubana Chain Lightning weka Burst Lightning au hata Lightning Strike kwa muda, ila Fireblast usibadilishe na kitu, hio ndo inamaliza mechi.

Ngoja nikuonyeshe kwa nini Alchemist ni mtamu, maana ukimsoma kwenye karatasi unaona 0/3 (anapiga 0, anabeba kipigo 3) asiyeweza kushambulia unamdharau. Yule unamlaza (unageuza kadi yake kiubavu) anampiga mpinzani 1, na kila ukipiga speli ya haraka (instant) au ya kawaida (sorcery), zile kadi za mara moja kama Bolt, anaamka tena. Chukua hali hii: zamu ya kwanza unatanguliza Rift Bolt pembeni kwa mana moja. Zamu ya pili inalipuka yenyewe, 3, na unamshusha Alchemist. Zamu ya tatu unamlaza, 1, unapiga Bolt, 3, kaamka unamlaza, 1, Chain Lightning, 3, unamlaza, 1, Lava Spike, 3, unamlaza, 1, mana imeisha na jamaa anadhani umemaliza, unatoa Mountain zako mbili sadaka unapiga Fireblast bila kulipa mana, 4, na Alchemist anamalizia 1. Zamu hio peke yake ni 18, jumlisha 3 za Rift Bolt ni 21. Zamu ya tatu! Na ukihesabu kadi utakuta tisa, Mountain tatu na hizo sita, yani ndo hizohizo unazoona kufika zamu ya tatu ukianza wewe. Haitokei kila siku bwana, mara nyingi ni zamu ya nne au ya tano, ila jamaa akishaona mara moja kila akikuona na Alchemist atahangaika kumuua, na speli aliyomalizia kwa Alchemist hajaitumia kwa Marauders.

Marauders nao wadharauliwa. Wanaingia wanapiga 1, zamu inayofuata wanashambulia kwa 3, zamu ya baada ya hapo wanaondoka wenyewe wanapiga 1 tena. Akiwazuia umepata 2, asipowazuia 5, kwa mana mbili.

Sasa kucheza, hapo ndo watu wanaharibu na deki nzuri mkononi. Vitu visivyopiga viumbe, hasa Lava Spike, vitangulize, Bolt ibaki mkononi mpaka mwisho maana unaweza kuipiga hata kwenye zamu yake na inaua kiumbe ikibidi. Viumbe vyake usiviue hovyo. Ua kinachomuongezea laifu, au kile ambacho ukikiacha kitakumaliza kabla hujammaliza, basi, vingine vyote acha vikupige, laifu yako ni ya kutumia. Searing Blaze inataka ardhi iwe imeingia zamu hiyohiyo ndo ipige mtu 3 na kiumbe chake 3, la sivyo ni 1 na 1, kwa iyo ukishafikisha Mountain tatu mezani ya nne usiishushe kwa mazoea, ishike. Skewer nayo kwa mana moja inataka awe ameshapoteza laifu zamu hiyo, we mlaze Alchemist kwanza ndo upige Skewer, ukikosea mpangilio unalipa mana tatu. Na Fireblast kwa mtu wa bluu usiitoe mpaka iwe ya kumaliza, Mountain zinaenda sadaka papo hapo, akikukaunta, yani akifuta speli yako, ndo umebaki na ardhi moja unamwangalia.

Wenye kijani wana Weather the Storm, hio ni msala kwetu, inawapa laifu 3 kwa kila speli iliyopigwa kabla yake zamu hiyo na 3 zake juu. Ukimwaga speli nne kwa mpigo anajibu unampa 15. Kwa hao piga moja moja kila zamu, hata kama roho inauma.

Kuna mdau kamtaja Monastery Swiftspear, kile kiumbe chekundu. Kweli alishushwa kuwa komoni 2022 kwenye Double Masters 2022 na alikuwa balaa, ndo maana 2023 akapigwa marufuku Pauper. Nyumbani na washkaji weka, Ijumaa usimpeleke.

Zile 15 za pembeni (sideboard, za kubadilishia baada ya gemu ya kwanza): Pyroblast nne kwa wa bluu, Smash to Smithereens nne kwa wa Affinity (deki za vitu vya chuma, artifact), hio hata ukiilenga kwenye ardhi yake ya chuma isiyovunjika bado inampiga 3. Flaring Pain mbili kwa wenye nyeupe wanaozuia damage kwa Prismatic Strands, Relic of Progenitus tatu kwa wanaochezea kaburini (kwenye rundo la kadi zilizokwisha tumika), mbili zilizobaki utaona dukani kwenu wanacheza nini.

Na aliyeuliza kama deki hii inafaa Commander, ule mchezo wa watu wanne, hapana. Kule kila mtu ana laifu 40 na wapinzani ni watatu, hio ni 120, Bolt 40, na deki ya Commander hairuhusu hata Bolt ya pili.