Shemeji haamini: kampeni ya injili itatosha?

Ndugu, umeuliza kama shemeji yako ataamini ukimpeleka kwenye kampeni ya injili. Inawezekana. Ila mimi nimekulia Goma, mashariki mwa Kongo, ambako vipaza sauti vya makanisa havinyamazi, na mahubiri yale yote yalinipita. Aliyenivuta ni jirani.

Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye tukaamriwa kuhama, umati ukaelekea Sake. Tulilala kwenye darasa la shule. Alikuwemo mama mmoja wa avenyu yetu, muuza makaa, Mkatoliki wa shirika, yaani kikundi kidogo cha waumini wa mtaani. Unga kidogo aliobeba aliusonga kwa ajili ya darasa zima, na wa kwanza kumpakulia alikuwa mwanamke waliyekuwa na kesi ya mpaka wa parseli, yaani kiwanja. Matusi ya kesi ile niliyasikia kwa masikio yangu, miaka na miaka! Yule mama hakuhubiri neno. Alisali rozari yake, akalala.

Tuliporudi mjini nikamuuliza, “Mama, yule ulimpaje chakula?” Akasema, “Mtoto wangu, Yesu alinisamehe mimi kabla sijaomba. Nitamnyima yule nini?”

Hapa sikubaliani na wanaosema matendo yanatosha. Bila jibu lile ningebaki nikisema tu kwamba ni mama mwenye roho nzuri. Nikaanza kumfuata shirikani. Wanasoma Injili, wanaulizana nani mgonjwa, wanachanga. Kisha mafundisho, na ubatizo usiku wa Pasaka.

Mfikirie pia Floribert Bwana Chui wa hapa Goma, mkaguzi wa bidhaa aliyekataa hongo ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni. Aliuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenyeheri kule Roma. Alipokufa, maibobo, watoto wa mitaani, aliowasaidia kusoma kupitia Jumuiya ya Mtakatifu Egidio ya Wakatoliki walei, walikuwa wameshaiona imani yake kwa macho.

Katika Yohana sura ya 1, Andrea anamtafuta kwanza ndugu yake Simoni, anamwambia wamemwona Masiya, anampeleka kwa Yesu. Ni mambo ya ndugu kwa ndugu.

Basi kama kati yako na shemeji kuna deni, au neno lililosemwa vibaya msibani, anzia hapo kabla ya kumwalika popote. Akikuuliza kwa nini umemwendea, usizungukezunguke: mtaje Yesu.