Picha ya WhatsApp haiwi vekta kwa kubadilishwa jina la faili

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Natengeneza jalada la riwaya ya A5, kurasa 200, ya mwandishi wa hapa Morogoro anayejichapishia mwenyewe. Alinitumia kwa WhatsApp picha ya bibi yake amejitanda kanga, na hiyo ndiyo anayotaka ikae mbele. Ina pikseli 720 kwa 1080, JPEG ya KB 180. Mchapaji aliikataa, akasema nilete vekta. Nikamlipa kijana mmoja shilingi 15,000 aigeuze, akanirudishia SVG ya KB 241. Mchapaji akaikataa tena. Nikajaribu mwenyewe kwa Inkscape, nikaiachia programu ifuatishe picha kwa rangi nane. Uso umekuwa mabaka kama ramani, na kati ya rangi kuna nyuzi nyeupe nyembamba. Je, kuna programu inayogeuza vizuri zaidi, au nipandishe dpi kwanza?

Jibu: Ndugu yangu, hebu rudia kusoma namba ulizoandika mwenyewe. JPEG ya KB 180, SVG ya KB 241. Chukua theluthi ya 180, yaani 60, uijumlishe na 180 yenyewe: unapata 240. Picha ikitumbukizwa ndani ya SVG huandikwa upya kwa herufi na tarakimu kwa mtindo uitwao base64, na mtindo huo hula theluthi moja zaidi ya nafasi. KB moja iliyobaki ni ganda la faili. Kijana hakuchora hata mstari mmoja. Aliifungua JPEG yako, akaihifadhi kwa jina jingine, akapokea 15,000.

Hakikisha mwenyewe. Fungua SVG hiyo kwa Notepad. Karibu na mwanzo utakuta maneno data:image/jpeg;base64, kisha ukuta wa herufi zisizo na maana hadi mwisho wa faili. Au ifungue ndani ya Inkscape na ubonyeze Ctrl+5 hadi rangi zote ziondoke, ubaki na mistari mitupu. Mchoro wa vekta utaonekana kama mifupa: kila jani, kila kope, kila mkunjo una mstari wake. Picha iliyotumbukizwa, kwa kawaida, huonyesha fremu moja tu yenye alama ya msalaba. Ukiibofya, chini ya dirisha utasoma kwamba ni image ya 720 × 1080, na kwamba imepachikwa.

Kosa hili linakuja mezani karibu kila wiki, na chanzo chake ni dhana moja: watu wanadhani vekta ni aina ya faili. Vekta ni namna kitu kilivyochorwa. SVG, PDF, EPS, AI, zote ni mifuko. Mfuko waweza kubeba mistari, waweza kubeba pikseli, yaani vinukta vya rangi, waweza kubeba vyote viwili. Mchapaji alipokuambia ulete vekta alitaka maumbo ambayo kompyuta inaweza kuyakokotoa upya kwa ukubwa wowote. Ukimpelekea pikseli zilezile ndani ya mfuko mwingine, mashine yake itaona pikseli zilezile.

Hilo linajibu swali lako la dpi, yaani idadi ya nukta kwa inchi. Jalada la mbele la A5 ni milimita 148 kwa 210. Ukiongeza blidi, ukingo wa ziada unaokatwa baada ya kuchapa, ya milimita 3 kila upande, eneo la kujazwa linakuwa 154 kwa 216. Kwa dpi 300, eneo hilo linahitaji pikseli 1819 kwa 2551. Wewe una 720 kwa upana, kwa hiyo ikitandazwa hapo unapata kama nukta 119 kwa inchi. Ukiingia kwenye programu ukabadilisha 72 kuwa 300 bila kuongeza pikseli, picha itajiona ndogo zaidi kwenye karatasi, basi. Ukiiambia iongeze pikseli, itabuni rangi za katikati kwa kukisia kutoka kwa majirani zake. Zile programu za simu zinazodai "kusafisha picha" nazo hukisia, ila kwa ujasiri zaidi: hutia kope ambazo bibi huyo hana na kulainisha makunyanzi aliyoyapata kwa miaka yake. Kwa jalada linalomhusu mtu halisi, huko ni kumbadilisha uso.

Sasa jaribio lako mwenyewe. Kinachofuatisha picha ndani ya Inkscape ni Potrace ya Peter Selinger, programu nzuri sana kwa kazi iliyotengenezewa: picha yenye rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Unapoomba rangi nane, Inkscape huibana picha kwenye rangi nane kisha hupitisha ufuatishaji mara kwa mara, rangi kwa rangi. Ngozi ya binadamu haina mpaka kati ya mwanga na kivuli, hufifia polepole. Programu inalazimika kuubuni mpaka pasipo na mpaka, na ndiyo maana shavu limekuwa ramani ya wilaya. Juu ya hapo, JPEG iliyobanwa na WhatsApp ina vijiraba hafifu kandokando ya kila ukingo. Jicho lako linavipuuza. Potrace haivipuuzi, inavichora kimoja kimoja.

Nyuzi nyeupe nazo zina sababu yake. Kwenye dirisha la Shift+Alt+B kuna kisanduku kiitwacho Stack. Kikiwa na alama, rangi hupangwa moja juu ya nyingine, ya chini ikiendelea chini ya ya juu. Kikiondolewa, rangi hukatwa na kuwekwa ubavu kwa ubavu kama vigae, na kwa kuwa kila kipande kimekadiriwa peke yake, kingo hazikutani sawasawa. Karatasi inachungulia katikati. Rudisha alama hiyo na nyuzi nyingi zitaondoka, ila uso utabaki ramani vilevile.

Ufuatishaji huo una mahali pake. Ukichora kwa kalamu ya wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, ukaskani kwa dpi 600, Potrace itakupa mistari safi. Hapo unapandisha au kushusha kiwango cha mwanga, ambacho huanzia 0.45, hadi mistari myembamba isikatike na vivuli vya karatasi visiingie. Kisha unaamuru madoa madogo yatupwe. Ukishamaliza, bofya umbo usome idadi ya nodi, vituo vinavyoshikilia mstari, chini ya dirisha. Mchoro mmoja wa uso ukikuambia una nodi elfu kadhaa, umefuatisha uchafu.

Kwa kazi yako njia ni kuchora upya. Najua si jibu ulilotaka. Weka picha kwenye leya (tabaka) ya chini, ipunguzie mwonekano hadi asilimia 40 hivi, ifunge isisogee. Fungua leya mpya juu yake, chukua kalamu kwa herufi B, na uanze na umbo kubwa la kichwa na mabega. Usifuate kila tetemeko la ukingo. Weka nodi pale mkunjo unapofikia kilele chake, juu, chini, kushoto, kulia, na mikono ya nodi, vile vijiti vinavyopinda mstari, ilale mlalo au isimame wima. Duara kamili linahitaji nodi nne tu. Paji la uso hadi kidevu upande mmoja lisikuzidi sita au saba. Ukiona mstari unayumba, dawa yake mara nyingi ni kufuta nodi.

Uso unatosha kwa rangi tatu za ngozi: ya msingi, ya kivuli, na ya mwanga kidogo kwenye paji, pua na shavu. Kivuli kwenye ngozi nyeusi kisiwe nyeusi iliyofifishwa, kitaonekana majivu. Kipeleke kwenye kahawia yenye wekundu. Na usifanye giza kupita kiasi, kwa sababu nukta za wino hutanuka zikigusa karatasi, na kilicho giza kwenye skrini huwa giza zaidi mkononi. Makunyanzi yachore kama maumbo membamba yenye ncha mbili zinazochongoka. Ukitumia mstari wa unene mmoja, uso utafanana na ramani ya barabara.

Kanga ndiyo itakayokuonyesha faida ya vekta. Chora ua moja la pindo, moja tu, kisha ulirudufu kwa Alt+D. Nakala hizo hubaki zimefungwa kwa mama yao: ukibadilisha rangi ya ua la kwanza, pindo lote linabadilika. Wengi hukosea kwenye mikunjo. Wanatandaza nakshi moja juu ya nguo nzima, na kanga inaonekana kama bango lililobandikwa kifuani. Gawanya nguo kwa mikunjo yake, kila mkunjo umbo lake. Weka nakshi ya mji, sehemu ya katikati ya kanga, nyuma ya kila umbo, izungushe ifuate uelekeo wa kitambaa, kisha uikate kwa umbo hilo kama fremu. Pindo likivuka mkunjo lazima livunjike na kuanza tena nyuzi chache juu au chini. Bega moja lenye vipande vinne vya namna hiyo linamshawishi msomaji kwamba ni kitambaa. Kama jina la kanga litasomeka, liandike kwa herufi za kawaida, hifadhi nakala, ndipo uligeuze kuwa umbo kwa Shift+Ctrl+C. Ukiligeuza bila nakala, kosa la tahajia halirekebishiki tena kwa kuandika.

Angalia pia mpangilio wa Inkscape unaoamua kama unene wa mstari hupungua kitu kinapopunguzwa. Ukichora mstari wa milimita 0.3 kisha ukapunguza mchoro hadi robo, unabaki na 0.075, na mstari mwembamba hivyo hukatika katika uchapaji. Usishuke chini ya pointi 0.25, karibu milimita 0.09. Mstari mweupe juu ya rangi nzito uwe mara mbili ya hapo, kwa sababu wino huumeza kutoka pande zote.

Jalada zima halikomei mbele. Kurasa 200 ni karatasi 100. Kwa karatasi ya gramu 80 ambayo kila moja ina unene wa karibu milimita 0.1, mgongo unakuwa kama milimita 10. Upana wote ni 148 + 10 + 148 na blidi 6, jumla 312, kwa urefu wa 216. Unene halisi muulize mchapaji, maana karatasi mbili za gramu 80 zinaweza kutofautiana. Maandishi yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia.

Rangi ndiyo shimo la mwisho. PDF inayotoka Inkscape hubeba RGB, rangi za mwanga wa skrini, na mashine inachapa kwa CMYK, wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi (K). Bluu kali na kijani kinachong'aa vitapoa. Maandishi meusi ya RGB yatagawanywa kwenye wino nne, na mashine ikisogea kidogo tu, herufi zitakuwa na vivuli vya rangi pembeni. Peleka SVG yako kwenye Scribus, ambayo ni ya bure, ubadilishe kila rangi kuwa CMYK, maandishi yawe K 100 peke yake. Jumla ya wino mahali pamoja isipite asilimia 300. Ukungu (blur) uliotiwa kwa Inkscape haupiti salama kuelekea huko, kwa hiyo vivuli vyako viwe maumbo.

Na hapa niseme na wote mnaopokea kazi za majalada, kwa sababu msomaji huyu ni mmoja tu. Biashara ya "kuvektisha kwa dakika tano" imeenea, na hasara haionekani mpaka bamba za chapa zimeshachomwa na nakala 1,000 zimekatwa. Sura ya mtu iliyochorwa kwa mkono ni kazi ya saa nyingi. Anayekuahidi kwa dakika tano atakupa mojawapo ya vitu viwili, JPEG ndani ya ganda la SVG au mabaka ya Potrace. Kabla ya kulipa, afungue faili mbele yako, abonyeze Ctrl+5, akuze jicho la mtu hadi lijaze skrini. Kingo zikiwa na ukungu au ngazi za vijiraba, hizo ni pikseli. Ukiona maelfu ya vipande visivyo na umbo, ni ufuatishaji. Akikutumia PDF, fanya vivyo hivyo, ikuze hadi mwisho. Wachapaji nao wasaidie: kusema tu "lete vekta" ndiko kunakowapeleka watu kwa matapeli hawa. Picha halisi yenye pikseli za kutosha inachapika vizuri kabisa bila kuwa vekta.

Ndiyo sababu kabla hujashika kalamu, mwambie mwandishi aitafute picha yenyewe kwenye simu iliyoipiga na akutumie kama nyaraka, si kama picha, WhatsApp isiibane. Ikija na pikseli 1819 kwa 2551 au zaidi, amueni pamoja kama bado mnataka mchoro. Ikija nyingine ya 720, itoshe kuwa leya ya chini ya kuchoria.