Kansa ya ini, virusi vya homa ya ini B na C, na swali la "imesambaa au ni nyingine?"

Safari hii karibu meseji zote zimekuja upande mmoja, ini. Nimechukua tano na nimezikatakata, zingine zilikuwa ndefu sana, mnisamehe.

"Baba ana homa ya ini B na alikutwa na kansa ya ini mwaka jana, akatibiwa, akapata nafuu. Juzi kipimo cha kifua kimeonyesha kivimbe kwenye pafu. Ndugu wote wanasema imeshasambaa, mzee aachwe apumzike. Ni kweli?"

Pole sana. Sitakudanganya, inawezekana imesambaa, maana kansa iliyoanzia kwenye ini ikihama hupenda sana mapafu, halafu matezi, mifupa na vile vitezi vinavyokaa juu ya figo. Ila "inawezekana" bado haijawa "ndivyo ilivyo", na hapa ndo familia nyingi zinakosea. Mtu aliyewahi kupata kansa ya ini anaweza kupata kansa nyingine kabisa, imeanza yenyewe mahali pengine, haina undugu na ile ya kwanza, na dawa yake ni tofauti. Mzee alikuwa anavuta sigara? Basi sigara peke yake inaweza kuleta kansa ya mapafu na pia inachangia ya ini. Pombe hivyo hivyo, inagusa ini, mdomo, koo, utumbo mpana, na kwa akina mama matiti. Na kivimbe kwenye pafu siyo lazima kiwe kansa, kuna watu wameombolezwa wakiwa hai kumbe ni kifua kikuu.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha ndugu kuamua chochote, muulize dokta swali moja: inawezekana kuchukua kinyama kwenye hicho kivimbe kikapimwe? Watu wa maabara wakiangalia seli wana njia za kutofautisha iliyotoka kwenye ini na iliyozaliwa papo hapo kwenye pafu. Najua mtaniambia "mbona ya ini hawakuchukua kinyama?" Ni kweli, mara nyingi hawachukui. Mtu ambaye ini lake lina makovu tayari, siti skani ya kuchomwa dawa kwenye mshipa inaweza kutosha, kwa sababu uvimbe wa kansa ya ini unawaka haraka dawa ikipita halafu unafifia kabla ya ini lenyewe, ni kama saini yake. Kivimbe cha kwenye pafu hakina saini ya hivyo. Kama dokta atasema hali ya mzee hairuhusi kuchomwa sindano kifuani, hiyo ni sababu ya maana na muisikilize, lakini itoke kwa dokta, isitoke kwa shemeji.

"Hivi hivi virusi vya B na C vinaweza kuleta kansa nje ya ini au vinamaliziana na ini tu?"

Vinaweza, na watu wengi hawalijui hili. C hasa. Shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO limeshakiweka kirusi C kwenye orodha ya visababishi vilivyothibitishwa vya kansa mbili, ya ini na limfoma, yaani kansa ya matezi. Kinachotokea ni kwamba kirusi kinakaa mwilini miaka na miaka, seli za kinga zinachokozwa kila siku, zinazaliana bila kupumzika, mwisho moja inaharibika na kuanza kuzaliana ovyo. Kuna kisa nakipenda sana, mwaka 2002 madaktari wa Ufaransa waliripoti wagonjwa 9 wenye limfoma ya bandama na virusi C, wakawapa dawa ya virusi (enzi hizo interferoni, dawa chungu kweli), na 7 kati yao virusi vilipoondoka limfoma nayo ikanywea. Wengine 6 wenye limfoma ya aina hiyo hiyo ila bila virusi C walipewa dawa ile ile na haikuwasaidia kitu. Yaani ukiondoa mchokozi ugomvi unaisha.

B nacho kinahusishwa na limfoma, lakini kwenye ini ndo kina ujanja wake, kinapenyeza vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli, ndo maana mtu wa B anaweza kupata kansa hata kabla ini halijapata makovu. C hakijipenyezi hivyo, chenyewe kwa kawaida kinapitia kwanza kwenye makovu. Na kwa kuwa B, C na VVU vinapita njia zinazofanana, mwenye kimoja apimwe na vingine, VVU navyo vina kansa zake.

"Mama alitolewa uvimbe wa ini, ana B. Sasa amepata limfoma, wanataka kuanza kemo lakini wanasisitiza aendelee na vidonge vya virusi wakati kipimo kinasema virusi havionekani. Si mzigo tu kwa ini?"

Hapana dada, hapo msiguse kitu kabisa. Havionekani kwenye damu, haimaanishi vimeondoka. B kinaacha nakala yake ndani ya kiini cha seli za ini, imelala tu, mlinzi ni kinga ya mwili. Kemo, yaani zile dawa kali za kuua seli za kansa, inamwondoa mlinzi. Baadhi ya dawa za limfoma, hasa rituksimabu, ni mbaya zaidi kwa hilo, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo la juu kabisa kwa sababu watu walikuwa wanaamshiwa B na ini linafeli. Vidonge kama tenofoviri au entekaviri ndo vinavyoshika zamu ya mlinzi, na vinaendelea hata kemo ikiisha, kwa rituksimabu angalau mwaka mzima baada ya dozi ya mwisho, na kwa mama ambaye ameshapata kansa ya ini pengine asiviache kabisa. Ninachoogopa zaidi ni yule anayeenda kutibiwa kansa ya pili kwenye hospitali nyingine na hasemi kama ana B, kwa aibu au kwa kusahau. Beba faili lote.

"Nilipona C kwa vidonge vya wiki 12, cheti ninacho. Mbona bado naitwa altrasaundi kila miezi 6?"

Hongera, hizo dawa zinaponya zaidi ya 95 kati ya 100. Lakini bila shaka ini lako lilishakuwa na makovu, na kovu halisomi cheti. Hatari ya kansa imeshuka, haijafika sifuri. Nenda tu, altrasaundi yenyewe haiumi.

Halafu C ukipona hupati kinga, ukichangia sindano au nyembe unakipata upya.

"Kipimo cha damu cha AFP kimetoka kawaida, si ndo nimesalimika na kansa ya ini? Na mdogo wangu wa kiume yake iko juu wakati ini lake kwenye altrasaundi ni safi, tumechanganyikiwa."

Kwako, hapana. AFP ni protini ya kwenye damu ambayo kansa ya ini inaweza kuipandisha, lakini wagonjwa wengi wa kansa hiyo AFP yao iko kawaida, hasa uvimbe ukiwa mdogo, kwa hiyo usiitumie badala ya altrasaundi. Kwa mdogo wako, AFP siyo ya ini peke yake, inaweza kupanda kwa homa ya ini yenyewe, na kwa kijana wa kiume inaweza kutoka kwenye kansa ya korodani, ambayo ikiwahiwa inapona vizuri sana. Mwambie aache aibu, amwombe dokta amkague huko chini wiki hii hii.