Kuwashwa miezi, kisha malengelenge

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 74. Alianza kwa kuwashwa mapaja na tumbo. Tukampa dawa ya upele mara mbili, tukamwogesha mwarobaini, wapi! Sasa baada ya miezi mitatu ametoka malengelenge makubwa. Jirani asema ni mkanda wa jeshi. Je, huambukiza?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba. Mkanda wa jeshi hushika upande mmoja wa mwili na huuma kuliko kuwasha. Upele nao ungekwisha kuwashika wenzake nyumbani. Mzee aliyewashwa miezi kabla ya kutoka malengelenge, nashuku pemfigoidi: kinga ya mwili hushambulia kinachoshikanisha ngozi ya juu na ya chini. Haiambukizi.

Litazameni lengelenge lenyewe. La pemfigoidi hukaza na halipasuki upesi, kwa kuwa limefunikwa na ngozi ya juu nzima. Likiwa legelege, likapasuka na kuacha kidonda kibichi, na kinywani mna vidonda visivyopona, hiyo huenda ni pemfigasi, iliyo hatari zaidi.

Lakini macho hayatoshi. Hukatwa vipande viwili vya ngozi, na hapo ndipo kazi huharibika. Cha kwanza, cha ukingoni mwa lengelenge jipya, hutiwa formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili. Cha pili hutoka kwenye ngozi nzima iliyo karibu, ndani ya sentimita 1, na kwake formalini ni mwiko: huharibu kingamwili zinazotafutwa. Kitiwe kwenye maji ya Michel, maji maalumu ya kuhifadhia kipande kama hicho; yakikosekana, maji ya dripu ya chumvi, kisha kifike maabara ndani ya saa 24. Piga hesabu ya boti hadi Mokowe, kisha basi: afadhali asafiri mgonjwa kuliko kipande chake. Pigeni simu kwanza muulize kama hospitali inafanya kipimo cha imunofluoresensi, kinachoonyesha kingamwili hizo kwenye ngozi.

Bebeni dawa zake zote. Vidonge vya kisukari vya jamii ya sitagliptini vinajulikana kuchochea pemfigoidi, ila msivikatize wenyewe.

Liwa na mwarobaini wekeni kando. Lengelenge linalomsumbua mgonjwa, muuguzi alitoboe kwa sindano safi, maji yatoke, ngozi ya juu ibaki. Matibabu aghalabu huanza na krimu kali ya klobetasoli ya asilimia 0.05. Prednisoloni (dawa ya steroidi) ya dukani msimpe. Na akiandikiwa, asiiache ghafla.

Akipata homa, macho kuwa mekundu, au ngozi kuchunika baada ya dawa mpya, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.