Unataka kumjua Yesu na hujui uanzie wapi? Usianzie nilipoanzia mimi

Juzi kuna kijana kaniandikia, anasema anavutiwa sana na Yesu ila anaogopa kuingia kanisani kwa sababu hajui wakati wa kusimama wala wa kukaa, halafu ana maswali ambayo anahisi yatamchukiza Mungu. Ujumbe wenyewe mfupi tu lakini nimeusoma mara tatu machozi yakanilenga, maana huyo ni mimi kabisa, miaka tisa iliyopita.

Mimi nilianza kwa pupa. Mhubiri alipoita wanaotaka kuokoka nikanyoosha mkono, nikaongozwa sala ya toba, watu wakapiga vigelegele, nikarudi nyumbani na furaha ambayo hadi leo siwezi kuieleza. Kesho yake nikafungua Biblia ukurasa wa kwanza kama mtu anavyosoma kitabu chochote kile. Mwanzo ilienda vizuri, Kutoka nayo ikaenda mpaka pale vinapoanza vipimo vya hema, nikajikaza, nikafika Mambo ya Walawi, sadaka za kuteketezwa, sheria za ukoma, sura 27, hapo nikakwama na nikaanza kujiona labda sikuokoka vizuri. Hakuna aliyeniambia kwamba Biblia ni vitabu vingi ndani ya jalada moja, 66 kwa Waprotestanti na 73 kwa Wakatoliki, na huna lazima ya kuvisoma kwa mpangilio.

Mwaka huohuo nikafiwa na dada yangu. Tulikuwa tumemwombea sana jamani, tumefunga, tumekesha. Nikaenda kwenye kikundi cha kujifunza Neno nikauliza, mbona Mungu alinyamaza? Kiongozi akanijibu mbele ya watu wote kwamba hayo maswali ananipa shetani, nikemee. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Nikatoka, na miezi 8 sikukanyaga kanisa lolote. Naandika hapa na bado panauma.

Aliyenirudisha ni mama mmoja mtu mzima, hakunihubiria kabisa, aliniuliza tu nimesoma mpaka wapi. Akasema mwanangu, waache hao Walawi kwanza, chukua Marko. Ndiyo Injili fupi kuliko zote nne, sura 16, ukitulia unaimaliza chini ya saa mbili. Niliimaliza jioni moja. Kilichonigusa ni kwamba hata wanafunzi waliokuwa wanakula naye na kutembea naye walikuwa hawamwelewi, anatuliza dhoruba wao wanaulizana huyu ni nani. Halafu sura ya 9 kuna yule baba mwenye mtoto anayeteswa na pepo, analia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Na Yesu hakumfukuza! Mtoto wake akapona. Nikamrudia yule mama na swali langu lilelile, akakaa kimya muda mrefu, akanifungulia Zaburi ya 13, mtu anamuuliza Mungu utanisahau hata lini. Akaniambia haya nayo ni maombi, yamo humuhumu.

Kwa hiyo ndugu yangu anza na Marko, ukimaliza nenda Luka halafu Matendo ya Mitume. Kuomba ongea naye kwa maneno yako, na siku maneno yakikukimbia ipo Baba Yetu, Mathayo 6, aliifundisha mwenyewe. Soma kidogo kila siku, kidogo tu, ila kila siku. Na tafuta mtu mmoja wa kumuuliza, narudia, mtu mmoja anayekubali kuulizwa. Yule towashi wa Kushi, nchi ya kusini mwa Misri, kwenye Matendo 8 alikuwa na cheo kikubwa, anasoma Isaya ndani ya gari lake na haelewi, akasema wazi kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza, Filipo, mhubiri wa kanisa la kwanza, akapanda akakaa naye. Akakaa naye! Hakumkemea.

Ubatizo usisukumwe. Towashi alibatizwa palepale njiani, sawa, lakini baadaye kanisa la karne za mwanzo lilikuwa na wakatekumeni, yaani watu wanaoandaliwa kwa ubatizo, wengine wakifundishwa hadi miaka 3 kabla ya kubatizwa. Ugomvi wa maji mengi au machache, wa watoto au watu wazima, utaukuta tu, usiuanze mwezi wa kwanza.

Na nyie mnaoongoza vikundi nawaomba kwa jina la Yesu, mtu akiuliza swali linalouma msimtafutie pepo. Mimi sasa hivi nakaa na watu wapya kila wiki, na namshukuru Mungu hakuna aliyewahi kutoka kwangu akiwa ameaibishwa.

Wewe uliyeniandikia, kusimama na kukaa utafuata wenzako, hakuna anayekuhesabia. Fungua Marko leo usiku. Ukifika sura ya 9 niandikie hilo swali unaloliogopa, hata kama ni lilelile langu la dada. Jibu lake lote sina, ila tutakaa nalo pamoja.