Usiseme "Sawa" Kama Hujaelewa: Siku Tano za Kujifunza Tanga Falmouth

Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi Lamu, akipeleka boriti na chokaa Mombasa, nami sikuwahi kutweka tanga hata mara moja. Mtoto wa shule hapandishwi chomboni, mama alisema, na neno lake halikupingwa. Kazi hiyo nikaja kujifunza nina miaka 43, tena Falmouth, huko Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, katika baridi ya Mei, kwa pesa nilizodunduliza miezi saba kutoka mshahara wa kutunza wazee. Nilipompigia ami kumwambia, alicheka mpaka akakohoa. "Yaani ulipe ndiyo uvutishwe kamba?"

Nililipa. Na kwa kuwa kila nikionyesha picha naulizwa mambo yaleyale, nayaandika hapa.

Kozi yenyewe inaitwa Competent Crew. Ni ya wanaoanza, katika mfumo wa RYA, chama cha mashua cha Uingereza kilichoanzishwa 1875. Unakaa siku tano, unalala na kula humohumo chomboni, na hakuna anayekuuliza kama umewahi kupanda hata ngalawa. Mtihani wa karatasi hakuna. Mwalimu, ambaye ndiye nahodha, anakutazama unavyofanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, na siku ya mwisho anaamua kama amekupasisha. Wanafunzi hawazidi watano kwa mwalimu mmoja. Sisi tulikuwa wanne.

Shule nyingi hutumia mashua za kisasa za plastiki, na hakuna ubaya. Ila ukipata nafasi, chagua chombo cha kizamani. Chetu kilikuwa cha mbao, kimeundwa kwa mfano wa mashua za marubani wa Bristol Channel, ghuba ya magharibi ya Uingereza. Hao walikuwa wakitoka baharini kuzipokea meli na kuzielekeza njia, wakishindana nani atazifikia kwanza. Rubani akishapanda meli, mashua ilibaki na mtu mmoja na kijana wake, wakairudisha wawili tu. Kwa hiyo ni chombo kizito ambacho watu wachache wanakimudu, lakini kwa akili na mpangilio, si kwa mashine. Kwenye mashua ya kisasa kamba nyingi hupitishwa chini kwa chini, zikatokea karibu na usukani zimepangwa kama swichi za ukutani. Unavuta, kitu kinatokea huko juu, hujui kwa nini. Chombo cha kizamani hakifichi kitu: kamba iko mkononi mwako, unaifuata kwa macho mpaka kwenye roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, na kutoka kwenye roda mpaka kwenye boriti inayopanda.

Tanga kuu la chombo hiki lina boriti mbili, moja chini na moja juu. Ile ya juu ni kama foromali, boriti inayobeba tanga la jahazi, iliyokatwa nusu, imeegemea mlingoti kwa ncha moja. Ina jarari, yaani kamba za kutwekea, mbili: moja inainua ncha iliyo karibu na mlingoti, nyingine inainua ncha ya nje. Zote mbili huvutwa kwa pamoja, boriti ikae sawa kama mizani, na ncha ya nje humaliziwa mwisho mpaka tanga lifanye mikunjo midogo pale mbele. Kushusha nako ni vivyo hivyo, pamoja na taratibu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Siku ya pili jioni, tukiingia mto Helford kutia nanga, nahodha aliniita niishughulikie jarari ya ncha ya nje. Neno alilolitumia nilikuwa nimelisikia mara ishirini tangu jana yake, na kila mara nikidhani maana yake ni kuachia. Nikajibu "sawa", nikafungua mizunguko yote. Boriti ilishuka kwa kishindo, kamba ikapita viganjani mwangu kama kaa la moto, na mwenzangu aliyekuwa ameshika jarari ya pili akabaki ananing'inia nayo. Hakuna aliyeumia zaidi ya ngozi ya mikono yangu. Nahodha, mama wa miaka sitini na kitu, hakufoka. Aliuliza tu kama nilielewa alichosema. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini basi nilijibu sawa.

Sikuwa na jibu la kumpa kwa Kiingereza. Kwetu, mkubwa akikuamuru mbele ya watu, unaitikia kwanza, kuelewa kutakuja baadaye. Kumrudishia mkubwa swali ni kama kumpinga. (Hata kumwita kwa jina lake kulinishinda. Alisisitiza, kinywa kikakataa, nikaishia kumwita "Captain" siku zote tano.) Chomboni adabu hiyo ni hatari. Wao wana desturi ya kuirudia amri kwa sauti kabla ya kuitenda: ukiambiwa legeza jarari ya nje, unajibu "nalegeza jarari ya nje". Kama umesikia vibaya, kosa linajulikana likiwa bado mdomoni.

Usiku ule nilimtumia ami ujumbe wa sauti, nikimweleza kila kamba ilikofungwa na inavuta nini. Alinijibu kwa jumbe tisa. Kamba inayoshika ncha ya nyuma ya tanga ni demani. Upande upepo unakotoka ni joshi. Mti wa kushikia usukani ni kana. Kulegeza si kuachia, akasema, na kwamba angekuwa yeye nahodha ningelala na njaa. Nikayaandika yote kwenye daftari, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na kuanzia siku ya tatu kazi ikawa nyepesi. Kama umekulia pwani, fanya hivyo kabla hujaenda, uliza wazee majina. Nilikuwa nakariri maneno ya kigeni ya vitu ambavyo babu zangu walivipa majina zamani.

Jambo jingine nililokwenda nalo bila kujua ni maji. Watu wa Uingereza wa bara wanashangaa kuona bahari inapanda na kushuka mita kadhaa; sisi tumekua tukijua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kabla ya kujua kusoma. Ila hesabu yake sikuwahi kufundishwa. Yakijaa kwa saa sita, saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, kisha mbili, kisha moja. Maana yake nusu ya maji yote huja katika saa mbili za katikati, na hapo ndipo mkondo una nguvu zaidi. Ukitia nanga, unapima mnyororo kwa kina cha maji yakiwa yamejaa, angalau mara nne yake, si kwa kina unachokiona wakati huo.

Maisha ya ndani ni ya kubanana. Beba begi laini linalokunjika, kwa sababu sanduku gumu halina pa kuwekwa. Choo kinasukumwa kwa pampu ya mkono na kina valvu za kufungua na kufunga. Uliza mara mbili, hapo hakuna aibu. Baada ya kupika, gesi hufungwa kwenye mtungi wenyewe, kwani ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hushuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ikajikusanya, ikingoja cheche. Kuhusu nyama, niliwaandikia shule mapema, wakaninunulia samaki wa juma zima bila maneno. Kuswali kuliwezekana, ila chombo kilicho nangani huzunguka na mkondo: unaanza rakaa umeelekea kibla, unatoa salamu umeielekea Marekani.

Kichefuchefu kitakupata, au kitampata jirani yako. Mimi kilinishika mara tu tulipouacha mnara wa taa wa St Anthony na kukutana na mawimbi ya nje. Dawa inamezwa saa mbili kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika umechelewa. Usishuke ndani, tazama upeo wa bahari, na omba ushike usukani, hilo lilinisaidia kuliko tangawizi. Na ukitapika, tapika upande wa chini ya upepo. Mwenzetu mmoja alitapikia joshi. Sitasimulia zaidi.

Vaa nguo nyingi nyembamba, za sufu ukiweza, siyo koti moja nene. Maji ya Cornwall mwezi wa Mei ni kama nyuzi joto 12, na mtu akianguka, baridi hiyo inamkata pumzi kabla hajakumbuka kuogelea. Ndiyo maana zoezi la mtu kuanguka baharini hurudiwa mpaka uchoke. Tulitupa boya lililofungiwa ndoo. Kazi yangu ilikuwa moja: kunyoosha mkono kulielekea na kutoliondolea macho, hata chombo kikigeuka, hata wenzangu wakigombana na demani nyuma yangu. Nilidhani nimepewa kazi ya mtoto, mpaka boya lilipozama nyuma ya wimbi na nikagundua kwamba mkono wangu ndio pekee uliobaki kujua liliko.

Kabla ya kulipa, uliza mtakuwa wangapi, chakula kimo ndani ya bei au la, na makoti ya mvua yanaazimwa au unakuja na lako. Uliza pia kama mtasafiri kweli kila siku; kuna mwenzetu aliyewahi kulipia kozi mahali pengine akashinda siku mbili gatini akifunga mafundo.

Nilifaulu. Disemba nikaenda Lamu na cheti kwenye bahasha ya plastiki, kisilowe. Kaskazi ilikuwa imeshika vizuri. Ami alikisoma chote, hata sahihi, akanirudishia, kisha akanikabidhi kata ya kufulia maji na kunionyesha ngama iliko.