Mafundi Wanajibu: Nyumba ya Mawe Inapokataa Saruji

SWALI: Assalaam aleikum. Tumerithi nyumba ya mawe upande wa ufukweni, Bagamoyo, na chini tunataka kufungua mgahawa wa kahawa. Lipu ya saruji iliyopigwa miaka 2 iliyopita imefura, inabanduka kwa mapande, na nyuma yake kuna unga mweupe. Fundi anasema tuongeze saruji. Tufanyeje? (Dada wa Dunda)

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Saruji msiongeze, ndiyo iliyowafikisha hapo. Ukuta huo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Hunyonya unyevu ardhini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi yake huganda nyuma ya lipu mpaka ikaisukuma. Unga mliouona ni chumvi hiyo.

Bomoeni lipu yote kwa nyundo na tindo, mkianzia kwenye mapande yaliyokwisha kuachia. Mashine ya kutikisa isiingie, maana matumbawe ni laini. Chumvi ipigwe brashi ikiwa kavu. Mkiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke, na si wiki moja: kiangazi kizima kikipatikana, ni bora. Msianze kazi masika yakiwa mlangoni.

Mchanganyiko ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga wa mtoni. Wa pwani ni karibu na bei nafuu, lakini unawarudishia chumvi ile ile. Chokaa ikizimwa, yaani ikichanganywa na maji, ilowekwe pipani miezi 3 ikiwezekana, na maji yaifunike. Wakati wa kuzima, chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa huchemka na kuruka, na jicho likiguswa ni hatari.

Lowesheni ukuta kwanza. Tabaka moja lisizidi milimita 15. Likwaruzwe kabla halijakaza, lisubiri siku 10 hivi, ndipo lije la pili, jembamba zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: chokaa hukaza taratibu kwa kuvuta hewa ya kaboni ikiwa bado na unyevu. Jua likiikausha siku ya kwanza, inabaki unga. Tundikeni magunia ya katani yaliyoloweshwa kwa wiki nzima. Mwisho ni chokaa ya kupaka, si rangi ya plastiki.

SWALI: Vyumba vya nyumba hizi mbona vyembamba hivi? Naweza kutoa ukuta wa kati nipate ukumbi? (Msomaji wa Magomeni, Bagamoyo)

JIBU: Upana uliamuliwa na mti. Boriti za mkoko zinazofaa dari hazivuki mita 3 kwa kiasi kikubwa, na huo ukuta wa kati ndio unaozibeba. Ukiutoa, ghorofa inashuka. Fungua mlango mpana wa tao, tena baada ya mhandisi kuangalia. Chomeni ncha za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani: bisibisi ikizama kirahisi, boriti imeoza. Mpya isifungiwe kwa saruji, iachiwe hewa. Na mikoko ni msitu wa hifadhi. Hukati bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

SWALI: Mlango wa nakshi unaweza kunijulisha umri wa nyumba? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

JIBU: Unaashiria tu. Kichwa cha mraba kwa kawaida ni mtindo wa zamani zaidi. Tao lenye nakshi za Kihindi lilienea mwishoni mwa karne ya 19. Lakini milango iling'olewa na kuhamishwa, hivyo tazama kama fremu imekaa sawa na mawe yaliyoizunguka. Nyumba nyingi za mawe Bagamoyo ni za wakati wa misafara ya pembe, kabla makao makuu ya Wajerumani hayajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda yaliyojengwa kabla ya 1863, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote pitia ofisi ya Mambo ya Kale. Mlango wenyewe upake mafuta ya kitani, si vanishi; jua la pwani huipasua, maji yakaingia chini yake.